Jiwe Linalolia

Shati halikunuka kitu, na hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kuogopa.

Mwanamume wa kiwanda cha mbao hurudi nyumbani na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Miaka yote Baba Pacha alirudi hivyo, ungedhani andazi lililobiringishwa kwenye unga. Sasa, mwezi mzima, alirudi msafi. Mikono ya shati imelowa hadi viwikoni, magoti ya suruali yana tope, na mafua hayamwachi, wakati jua la nje linakausha hata mate mdomoni. Akipiga chafya, zilitoka mbili ndogo kama za paka, kisha ya tatu ya kutikisa vikombe kabatini.

“Mikono iliyolowa hivyo, huyo anaogesha watoto wa mtu,” alisema jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuumbwa na kitufe cha kuzima. “Na mafua hayo ni ya kulalia feni. Wewe una feni?”

Mama Pacha hakuwa na feni.

Redio huyo huyo ndiye aliyeleta habari ya matembezi: basi dogo la kukodi, kwenda asubuhi na kurudi jioni, kutazama bonde kutoka kilimani, halafu kumalizia kwenye Jiwe Linalolia kando ya barabara kuu. Alipolitaja tu, Baba Pacha akapaliwa na chai ya rangi.

“Jiwe gani? Utapeli mtupu huo,” alisema, akijifuta kidevu. “Mke wangu, usiende kuchomwa jua bure. Njia ile ina vumbi sana.”

Vumbi! Mtu wa mbao anaogopa vumbi! Moyoni Mama Pacha alishajua: nyumba ya huyo mwanamke iko njia ile ile.

Jumamosi, mumewe alipokwisha kutoka “kiwandani,” naye akatoka. Jana yake alimuaga mumewe kwamba anakwenda kumwona dada yake, na haukuwa uongo mtupu. Chini ya kiti cha basi aliweka furushi la nguo zake zote, na dada yake aliishi njia panda, pale basi litakapopita likirudi. Akipata hakika, atashuka na furushi lake hapo, na Baba Pacha atajipikia mpaka ang'oke meno.

Kilimani, wenzake walilitazama bonde wakashika vifua. Ukungu ulikuwa ukijikunja kutoka mashambani kama mtu anayetoa shuka kitandani, na mto ukaonekana ukimetameta katikati. Mama Pacha alitazama kamba za kuanikia nguo za nyumba za chini, akitafuta shati la mistari ya bluu.

“Unaonaje, shoga?” akauliza Redio.

“Naona wengi wanafua leo.”

Walifika kwenye jiwe baada ya kula. Lilikuwa kubwa kama nyumba, limeegemea ukingo wa mlima. Juu lilikuwa na nyufa mbili kama macho, na chini tundu moja kama sikio. Mwenyeji wa hapo, bwana mwenye kofia ya majani na filimbi shingoni, akawapa utaratibu.

“Unanong'oneza shaka yako hapa tunduni. Kama ni kweli, jiwe linalia. Na tafadhali sana, msipite nyuma. Kuna nyoka.”

Mwenye bucha akanong'oneza kwamba msaidizi wake anamwibia maini. Michirizi ya maji ikashuka kutoka kwenye macho ya jiwe. Msichana anayekaribia kuolewa akanong'oneza jambo la mchumba wake. Jiwe likalia, naye akalia. Redio alinong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kwamba wifi yake anamwonea wivu, na jiwe likalia mpaka likamlowesha viatu. Wote, hata yule msichana, waliondoka na nyuso za kuridhika. Hakuna kitu kitamu kama kuambiwa kwamba ulihisi kweli.

“Halijawahi kumnyima mtu,” alisema bwana wa filimbi, akijivuna kana kwamba alilizaa yeye.

Zamu ya Mama Pacha ikafika. Akainama.

“Baba wa wanangu ana mwanamke mwingine,” akanong'ona. “Kama ni kweli, lia, maana mimi leo sirudi nyumbani.”

Jiwe kimya.

“Rudia, mama. Labda hukusema vizuri.”

Akarudia. Safari hii alieleza yote: shati lisilonuka, magoti ya tope, hata feni. Jiwe likabaki kavu kama unga. Bwana wa filimbi akaligonga kwa ngumi, akacheka kicheko cha mtu aliyekalia msumari, akaligonga tena. Akapuliza filimbi. Hata tone.

“Ama!” Redio akapiga makofi. “Kumbe ni jiwe dume! Linamtetea mwenzake!”

Basi zima likaangua kicheko. Mama Pacha alikuwa bado ameinama, machozi yamemjaa, jiwe lilipopiga chafya. Mbili ndogo kama za paka, kisha ya tatu iliyowatimua ndege kwenye nyufa.

Akafuta macho kwa kiganja, akausogeza mdomo tunduni.

“Afya, Baba Pacha,” akasema. “Ukitoka kazini, pitia maziwa.”