Joto la Bangili

Kwetu kila mtu huvaa bangili; ikipata joto, mtu mmoja wa nyumba hiyo atakufa kabla ya mwezi kuisha. Hupata joto kwenye mikono ya wote isipokuwa mkono wa atakayekufa, na mvaaji peke yake ndiye anayelisikia joto hilo.

Yangu ilipata joto nikikanda unga wa chapati. Kwa hiyo si mimi. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu Mbaruku, na dada yake Mwatumu. Nilimwuliza Mbaruku kwa sauti ya chini, "Yako je?"

"Nayo imepata joto," alinijibu kwa upole.

Basi si yeye. Ni Mwatumu. Nikaanza kumdekeza wifi yangu. Nilimtolea samaki miba, nikampa kitanda chetu, nami nikalala naye ili asiwe peke yake. Mbaruku nikamtandikia mkeka sebuleni.

"Wifi, umepatwa na nini?" Mwatumu alicheka. "Juzi ulininyima hata ukoko!"

Mbaruku akacheka naye. Mwezi haujaisha, tukamkuta kwenye mkeka ule, ameshapoa.

Baada ya mazishi nilimwuliza Mwatumu kama bangili yake ilipata joto.

"Ilipata, wifi. Kaka alinikataza kukwambia. Hakutaka umlilie angali hai."

"Na samaki wangu ukala."

"Nikala," alisema.

Sasa tumebaki wawili. Yake ikipata joto, ni mimi. Kila asubuhi namwuliza, na kila asubuhi ananijibu, "Bado, wifi," kwa upole uleule wa kaka yake.