Kiu ya Talaso

Talaso alitembea korongoni tangu asubuhi bila kuchoka, kwa sababu uchovu wake na kiu yake vilikuwa mjini Marsabit, mwilini mwa mdogo wake. Siku hizi hakuna anayevuka jangwa na taabu zake mwenyewe. Unabandika kidude nyuma ya sikio, ndugu yako anabandika chake, basi anakubebea.

"Nenda, dada," Darmi alikuwa amemwambia. "Mimi nitajilaza tu."

Jua liliunguza kuta za mwamba, lakini kila kona ilimvuta aione inayofuata. Mkoba ulikuwa mzito, ila haukumuuma. Aliimba. Alipomkumbuka Darmi, aliokota jiwe jekundu la kumpelekea.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta Darmi sakafuni jikoni, ameegemea ndoo tupu, midomo imepasuka.

"Nimekunywa mpaka tumbo linauma, na kiu haikatiki," Darmi alisema kwa shida. "Pole sana, dada. Kumbe huko maji hakuna kabisa!"

Talaso alishusha mkoba. Ndani yake chupa ziligongana, zote zimejaa maji. Alizibeba kutwa nzima bila kukumbuka kunywa.

Darmi aliziona.

Talaso alifungua moja, akanywa mbele yake. Koo lake halikuona tofauti yoyote. Ni Darmi aliyefumba macho, akashusha pumzi kama mtoto aliyepewa ziwa.

"Asante, dada," akasema.

Talaso akafungua ya pili.