Kupe wa Namkunda

Tangu nyati waishe, kila familia iliyopiga kambi hifadhini ilitakiwa kulea kupe mwilini kwa siku tatu, ili ndege wanaowala wasife njaa. Nakijwa alivumilia kwa kinyaa, mpaka asubuhi ya tatu alipoona kupe aliyevimba kama harage nyuma ya sikio la bintiye, Namkunda. Akanyoosha vidole.

"Njoo nimng'oe."

"Usimguse, mama, bado hajashiba."

Ndege akatua begani, akadonoa. Damu ikamchuruzika mtoto shingoni, naye akafumba macho kwa raha.

"Huyu anaipenda hifadhi kuliko ninyi," mhifadhi alisema.

Nyumbani, Nakijwa alimsugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka. Jioni akamkuta amechutama bandani, amewainamishia kuku shingo, anangoja.