Kichefuchefu cha Kibiwott

Siku hizi wakimbiaji wa mbio ndefu hawatapiki. Bangili ya mkononi hupeleka kichefuchefu cha mkimbiaji kwa mtu wa nyumbani aliyeandikishwa, naye mkimbiaji huendelea kukimbia. Aliyeandikishwa kwa Kibiwott ni mimi, mke wake.

Miaka minne imenifunza sababu zote. Akinywa maji kupita kiasi, tumbo langu hujaa na kusukasuka. Akikosa chumvi, kichwa huanza kuzunguka. Na akinywa mursik, maziwa ya mgando, asubuhi ya mbio, kama alivyolelewa kwao, nainamia beseni kabla hajafika kilomita ya kumi.

"Acha maziwa kabla ya mbio," humwambia.

"Mbona tumbo langu liko sawa, Jeruto?" hunijibu. Na kweli liko sawa.

Leo Jumapili alikimbia bondeni, kwenye joto. Nilikuwa jikoni nachambua mboga za managu kilipokuja kichefuchefu nisichokijua, kikavu, chenye baridi, hadi meno yakagongana. Nikampigia kocha, anayemfuata kwa pikipiki.

"Msimamishe."

"Mama Chebet, mtu wako anacheka. Anasema hajawahi kujisikia vizuri hivi. Amebakisha kilomita nne tu."

Nikatapika mara tatu. Kwa kawaida hakiniachi mpaka aketi na kunywa chai. Safari hii kilikatika mara moja, kama stima inavyopotea. Dakika mbili tu zilikuwa zimepita tangu tuzungumze.

Kocha hashiki simu. Nimepakata beseni, nakisubiri kirudi.