Maksi za Ukutani

Kijana alianguka tena darajani.

Skrini ikawa nyeusi, kisha kijana yuleyule akatokea ukingoni mwa mto, akapangusa magoti, akasubiri kuongozwa. Tangu asubuhi alikuwa ameanguka mara nyingi kuliko mhakiki wa gemu anavyoweza kukiri hadharani. Mhakiki alifuta miwani kwa pindo la shati, akaishika upya padi ya kuchezea, akabonyeza. Ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chubwi!

"Pole," alimwambia kijana, kana kwamba anasikia.

Wapenzi wa gemu walilijua vizuri jina lililokaa juu ya safu ya uhakiki wa gemu mtandaoni: Mchungu. Kila wiki gemu mpya, hukumu moja, maksi chini ya kumi. Mchungu aliwahi kutoa tisa mara moja tu, na wiki iliyofuata akaomba radhi. Kumi, aliandika, ni ya gemu ambayo haijatengenezwa. Kampuni zilimnunia, wasomaji wakazidi kumpenda.

Lakini miezi ya karibuni mambo yalibadilika. Saba, nane, tena nane. Kejeli hakuna, kukata maini hakuna. "Mchungu kaingia sukari," waliandika wasomaji. "Gemu hata hazimalizi, anasifia rangi tu." Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Na asubuhi hiyo mhariri wa tovuti alituma ujumbe mfupi: hukumu ikija laini tena, safu inafungwa.

Safu ikifungwa, gemu hazitaletwa tena. Na gemu zisipoletwa, ukuta utanyamaza.

Upande wa pili wa ukuta huo alilala Mama. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na maneno machache, nayo yalitoka kwa kuvutwa. Kilichomshikilia, hata daktari alishangaa, ni makelele ya gemu. Ulikuwa utani wa nyumba hiyo tangu enzi anashona cherehani chumbani mle: alisikiliza milipuko na matusi kupitia ukutani, gemu ikiisha anagonga maksi zake, ngo, ngo, ngo, kisha anagongewa za Mchungu. Zikitofautiana, wanabishana mezani mpaka chakula kinapoa. Hakuwahi kuiona gemu hata moja kwa macho, na mara nyingi alipatia.

Siku hizi ubishi haukuwepo. Kulibaki kugongeana tu.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mdogo wake Mama, aliyehamia pale kuuguza, na kikombe cha chai mkononi. Macho yake yaligusa kofia iliyoning'inia msumarini nyuma ya mlango, akayaondoa haraka.

"Anauliza mbona Mchungu hatukani tena."

"Mwambie watu wanakua."

"Simwambii kitu. Nimechoka kuwa mwongo ndani ya nyumba ya dada yangu." Aliweka chai mezani kwa kishindo. "Hao wakifunga safu yao utafanyaje? Utakuwa unagonga ukuta bure? Ingia mle, kaa naye, umwambie ukweli."

"Daktari alisema asipewe mshtuko."

"Alisema hivyo wakati wa mvua. Sasa hivi vumbi linatuua."

Akatoka. Mhakiki aliitazama chai ikitoa mvuke. Alijua mwanamke yule anasema kweli, na aliogopa. Mama angebaki na nini, ukuta ukiwa ukuta tu?

Alifungua hukumu za zamani za Mchungu, akazisoma moja baada ya nyingine, akitafuta maneno makali ya kuazima. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja: "Daraja hili limejengwa na mtu anayewachukia wachezaji. Tatu, na hiyo tatu ni huruma." Akaisoma kwa sauti ya chini. Ilifanana. Mhariri angecheka, safu ingepona, na wiki ijayo ingekuja gemu nyingine.

Kabla ya kuituma, alishika padi mara moja zaidi, ajaribu tu.

Kijana alianguka. Skrini ikawa nyeusi. Mhakiki alibana pumzi, kama alivyoibana kila mara tangu asubuhi, na kijana akatokea tena ukingoni, mzima, akapangusa magoti, akageuza uso kumtazama.

Machozi yalimtoka. Alilia kwa kuziba mdomo, maana ukuta ulikuwa mwembamba. Gemu yenye daraja bovu, mto mchafu na muziki wa kuchosha; lakini humo mtoto akianguka, anarudi. Unamwita kwa kidole na anarudi. Ni nani mwenye moyo wa kuipa tatu?

Akazima sauti ya gemu, akafuta alichoandika. Akaweka maksi nyingine, bila neno hata moja la maelezo, akatuma, akijua kuwa ndiyo ya mwisho.

Ng'ambo ya ukuta Mama alikuwa ameusikia ule ukimya wa gemu iliyokwisha. Aligonga yeye kwanza, kama desturi: nne.

Mhakiki alisogeza kiti, akakunja ngumi, akagonga. Aligonga polepole, na alipofika nane hakuacha. Tisa. Akapumzika kidogo. Kumi.

Jikoni, mdogo wake Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, alifunga bomba.

Kisha sauti ya Mama ikapita ukutani, neno moja moja.

"Zima, mume wangu. Mwanetu hakuwahi kumpa mtu kumi. Njoo tumlilie."