Hotpoti Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu ya Pasaka, Eliufoo alipanga foleni na mama yake na watoto kwenye lango la bustani yenye bwawa la kuogelea. Mlinzi akanyanyua hotpoti iliyofungwa kitenge.

“Chakula cha nje hakiruhusiwi. Hii ya nani?”

Nyuma yao, bosi wa Eliufoo alicheka. “Kuna watu wanahama na jiko!”

Mama, aliyeamka alfajiri kupika pilau iliyokuwa ndani yake, alimtazama mwanawe.

“Sijui,” Eliufoo alisema. “Tumeikuta hapa.”

Mlinzi akaiweka ukutani, pamoja na nyingine zilizokosa wenyewe.

“Wapeleke watoto wakaogelee, baba,” mama alisema taratibu. “Mimi nitakaa na huyu yatima.”

Akaketi, akafungua fundo la kitenge. Eliufoo aliingia. Harufu ya iliki ikaingia naye, mlinzi hakuizuia.