Kibakuli cha Uji

Kiwandani hawakumuuliza Saumu mengi. Plastiki yote ya mji hupikwa kwa mafuta ya nyonyo, na mafuta hayatoshi, kwa hiyo mtoto hapati chombo mpaka kirudishwe chombo cha marehemu, kiyeyushwe. Saumu alitoa kikombe cha mama mkwe wake, Bi Mwanashamba. Mpokeaji akampa pole, naye akaipokea.

Si uongo mkubwa, alijiambia. Bi Mwanashamba alikuwa hoi, hata maji akidondoshewa kwa pamba, na majirani walikwishaanza kunong'ona habari za sanda. Mtoto wa Saumu naye alikuwa ameanza uji.

Lakini Mungu si Athumani. Wiki iliyofuata bibi aliketi, akaomba chai.

"Kikombe changu ki wapi, mwanangu?"

"Kimepotea, mama. Nisamehe."

Miaka yote bibi alinywea chai ya karafuu katika kikombe kile, na plastiki ya nyonyo haisahau harufu hata ikiyeyushwa. Alipompakata mjukuu amlishe, alikisogeza kibakuli kipya puani, akavuta pumzi polepole. Saumu akainamisha uso.

Bibi hakugomba. Alimlisha mtoto mpaka uji ukaisha, akamfuta mdomo.

"Kizuri," alisema. "Kitamfaa."

Kisha akajilaza kwa ubavu wa kulia, akaelekea kibla, akajifunika shuka gubigubi, kama mgeni aliyegundua kwamba amewachosha wenyeji.

Saumu akamimina chai katika kikombe chake mwenyewe, akamsogelea.

"Mama?"

Shuka halikutikisika.